UZI: Katuni ya polisi na motari. Tunacheka nini na hakuna mwenye alisema kitu ya kuchekesha?

Mwana_Birere (Goma)
Jambo yenu batu ya humu. Niko na swali inanisumbua tangu jana mangaribi. Nilinunua karanga hapa Birere, zile za kufungia mu karatasi ya gazeti, nilipomaliza karanga nikaanza kusoma karatasi (musinicheke, njo maktaba yangu). Kumbe ndani mulikuwa katuni, vikasha vine. Cha kwanza polisi ya barabara amesimamisha motari (mwenye kubeba batu ku moto, yaani pikipiki), anaangalia karatasi zake, zote ziko sawa. Cha pili polisi anasema "Jua la leo kali sana, ndugu yangu." Motari anajibu "Kali kweli afande, pole na kazi." Cha tatu polisi: "Koo limenikauka kabisa." Motari: "Hata mimi, afande." Cha ine polisi amesimama yeye peke mu vumbi na chupa ya maji mu mkono, moto imeishaenda.

Nilicheka mpaka mama wa karanga akauliza kama nimepaliwa. Alafu nikarudilia kusoma polepole, hakuna neno ata moja ya kuchekesha pale. Jua, koo, pole, maji. Ukiyaandika kwa mstari ni kama shauri ya daktari. Sasa kicheko inatokea wapi? Mwenye anajua anieleze, lakini si kwa kifaransa ya mu auditoire (pale chuo kikuu) tafazali.

Chukudu_2 (Goma)
Mi sijacheka. Polisi alikuwa na kiu, akapewa maji. Ubaya iko wapi?

Kadutu_City (Bukavu)
@Chukudu_2 weye usinunue moto. Utalala pale barabarani na karatasi zako zote sawa 😂

Mama_Sombe (Bukavu)
Mwana_Birere mwanangu, polisi hakuwa na kiu. Kila mutu mwenye ameishapanda moto hapa kwetu anajua "jua kali" ni nini. Ni madesu ya bana, maharage ya batoto. Anaomba feza bila kutaja feza. Na motari anamupa kile neno inasema, hamupi kile moyo inataka. Njo tunacheka. Neno "feza" haiko mu kikasha ata kimoja lakini wote tumeiona.

Prof_wa_Kasapa (Lubumbashi)
Jambo bandugu. Mama_Sombe amesema yote, mi naongeza tu kitambulisho ya ile kintu. Kuko mwanafalsafa mumoja muIngereza, Paul Grice, alizaliwa 1913 akafa 1988, yee alisemaka hivi: batu bakizungumuza beko na mapatano ya kimya, kila mutu anasaidia mwenzake asikie. Ile mapatano iko na mambo ine. Sema ya kutosha, isipunguke isipite. Sema yenye unajua ni kweli. Sema yenye inahusu maneno tuko nayo. Sema waziwazi bila kuzungusha. Sasa mutu akivunja moja mbele ya macho yako, hausemi eko kichaa, unasema aah, huyu anataka nisikie kintu ingine chini ya maneno. Polisi amemaliza karatasi, ziko sawa, alipashwa kusema "enda". Badala ya ile anasema jua. Jua na karatasi ya moto binahusiana wapi? Pale njo akili inaanza kuchimba. Ile yenye unapata ukichimba, Grice aliitafutia jina ya pekee, shee tuseme tu maana ya kudokezwa. Aliandika ile mu mwaka 1975.

MichopoBoy (Lubumbashi)
Aliomba isikuwe kifaransa ya auditoire, Prof amemuletea kiingereza ya auditoire.

Mwana_Birere
😂😂 apana muacheni, nimesikia. Ya tatu njo imevunjwa, ile ya "yenye inahusu".

Dada_wa_Ibanda (Bukavu)
Aksanti Prof, kidogo tu ya kunyoosha. 1975 ni mwaka ile makala ilichapwa. Yeye alisema mambo haya kwa mdomo mbele ya watu Harvard mwaka 1967, na muda ule wote karatasi zake zilikuwa zinatembea mikononi mwa wanafunzi. Na ile hesabu ya nne, kiasi, ukweli, uhusiano na namna ya kusema, aliipanga kwa kumwigiza Kant, mwanafalsafa Mjerumani.

Prof_wa_Kasapa
Nimepokea. Mwalimu eko mwalimu.

Chukudu_2
Bado sijasikia. Kama motari amejibu vizuri, kwa adabu, "pole na kazi", nani amevunja nini? Na nauliza ingine: huyo motari ni mjanja ao ni mjinga? Juu kama ni mjinga, yaani hakujua polisi anataka feza, basi tunacheka mjinga na ile ni zambi. Kama ni mjanja, tunacheka polisi.

Kadutu_City
Eeeh Chukudu kumbe uko na kichwa ndani ya kofia.

Mi nasema mjinga. Katuni za zamani zote zilikuwa za mjinga. Ile Juha Kalulu ya Tanzania, jina lenyewe ni juha.

Mbongo_Lushi (Lubumbashi)
Habari zenu wakuu. Mimi ni dereva wa lori, Mtanzania, nashinda huku Lubumbashi nikisubiri mzigo. @Kadutu_City Juha Kalulu si wa kwetu, ni wa Kenya, gazeti la Taifa Leo, mchoraji Edward Gitau. Sisi tulikuwa na Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru, kazi ya Christian Gregory. Tusiibiane.

Halafu mmepita juu ya neno moja, "afande". Huku kwenu mnasema shefu. Hiyo katuni haikuchorwa Goma, imetoka kwetu au Kenya, imesafiri na bidhaa mpaka kwenye karanga. Sasa angalieni, kwetu trafiki akitaka hela anaomba "ya maji" au "ya soda", Wakenya wao "chai" na "kitu kidogo". Kwa hiyo mchoraji amechagua koo kukauka kwa makusudi, msomaji wa Dar anaambiwa koo, yeye mwenyewe anamalizia "ya maji" kichwani, halafu kikasha cha nne kinamletea maji kweli. Mama Sombe kasema madesu. Ukichora na madesu inabidi motari aache sahani ya maharage barabarani.

Mama_Sombe
Sahani ya madesu! Mungu wangu. Hiyo ni bora kuliko ya gazeti, chora hiyo.

MichopoBoy
Mbongo, unajua ku Lushi "bongo" ni uongo? Kwa hiyo jina yako hapa ni Muongo wa Lubumbashi 😂 juu ya ile nani atakuamini na Gitau yako.

Mbongo_Lushi
Najua, nimeambiwa siku ya kwanza hapo mpakani Kasumbalesa. Kwetu bongo ni ubongo, akili. Neno moja, upande ule wa mpaka nina akili, upande huu mwongo.

Mzee_Kamalondo (Lubumbashi)
Ile nayo ni namna ya kuchekesha lakini si ile ya motari. Ya Mbongo neno moja iko na maana mbili, ukiipeleka Kisangani inaweza kufa. Ya motari hakuna neno yenye maana mbili. Jua ni jua. Ni mutu mwenye kuisema njo eko na maana mbili.

Shiye bana ba zamani tulijifunza kusoma katuni mu Mwana Shaba, gazeti ya Gécamines, kampuni ya shaba, tangu 1957. Baba alikuwa anaileta nyumbani, batoto tunapiganishana. Kulikuwa hata ya batoto, Mwana Shaba Junior. Nilicheka bintu mingi mule ndani yenye nilisikia maana yake nikiisha kuoa.

Prof_wa_Kasapa
Mzee na heshima yote, 1957 Gécamines haikuwa bado. Gazeti ilianza wakati wa Union Minière. Serikali ilikamata kampuni mu 1967, jina ya Gécamines ilikuja nyuma.

Mzee_Kamalondo
Baba alikuwa analipwa na ile ile mikono. Lakini ni sawa, andika vile.

Penseli_ya_Ruashi (Lubumbashi)
Nasoma tu nacheka. Mi ni mchoraji, si mukubwa, nilikuwaka nachora katuni ya kila juma mu kagazeti ka parokia. Niwaambie siri ya kazi: haina falsafa, ni nafasi. Wanakupa mstari mmoja, vikasha vitatu ao vine, kila kimoja kama boksi ya kiberiti. Herufi zinakula nafasi kuliko sura. Ukiandika "Polisi huyu anaomba rushwa kwa njia ya kuzunguka" sura ya polisi imeisha, unabaki na kofia. Kwa hiyo unatoa neno, unatoa ingine, unatoa mpaka inabaki "jua kali". Msomaji anaweka yenyewe yenye ulitoa. Na kati ya kikasha na kikasha kuna ule mstari mweupe, pale ndani kunapita mambo mingi sana. Angalia kati ya cha tatu na cha ine: motari alitoa chupa, alimupa polisi, polisi alibaki mdomo wazi, moto ikawaka ikaondoka. Vyote hivyo havikuchorwa. Mumevichora nyinyi.

Dada_wa_Ibanda
@Penseli_ya_Ruashi hapo umegusa kitu ambacho Prof hakufika. Kuna mazungumzo mawili kwa wakati mmoja. Moja ni polisi na motari. Lingine ni mchoraji na sisi. Motari anaweza kumficha polisi maana, mchoraji yeye hatufichi, anatuachia makusudi tuone. Ndiyo maana @Chukudu_2 hapati mahali neno limevunjwa: ndani ya katuni kila mtu ana adabu. Anayevunja ni yule wa nje mwenye penseli, ametupa habari pungufu na anajua tunajua.

Leo asubuhi nilichora vikasha hivyo ubaoni, darasa langu la sita. Wengi walicheka kwenye cha nne. Wavulana wawili walicheka kwenye cha pili tayari, nikawauliza mbona mapema, wakasema "mwalimu, polisi akianza na hewa ya inje, mwisho inajulikana." Msichana mmoja hakucheka kabisa. Baba yake ni polisi. Akaniangalia akasema: lakini mwalimu, kweli kunakuwaka jua pale anasimama.

Mama_Sombe
Woyi. Huyo mutoto.

Kadutu_City
Nyinyi munaongea ya katuni, mi ile kitu ilinipata ya kweli. Mama mukwe alikuja Bukavu kututembelea, amekaa na sisi siku mbili, jioni anasema tu hewani: "Batoto ya jirani yetu banatumaka sukari kwa mama yao kila mwezi." Mi nikajibu "Jirani wenu amebarikiwa." Nilisema kwa roho safi kabisa!! Muke wangu aliniangalia kama vile nimetukana msiba. Nimelala ku kanape siku tatu.

MichopoBoy
Kadutu weye njo ule motari.

Prof_wa_Kasapa
Angalia sasa kintu moja ya maana sana mu ile ya mama mukwe. Ukimuuliza "mama, unanilomba sukari?" atasema "mi? Mi nimesemea ya jirani tu!" Na haujamukamata na bongo. Maana ya kudokezwa unaweza kuifuta bila kujipinga, maana ya neno yenyewe haifutike. Polisi sawasawa, ukimupeleka mbele ya mukubwa wake anasema "mi nilisema jua, aina zambi kusema jua". Alichagua ile njia juu iko na mulango ya nyuma. Na motari amemufungia mulango ya nyuma na ya mbele pamoja: huwezi kukasirikia mutu mwenye amekupa maji ukisema koo imekauka. Mi kwangu kicheko iko pale.

Grice mwenyewe anatoaka mufano ya mwalimu mwenye banamulomba barua ya sifa juu ya mwanafunzi anatafuta kazi ya kufundisha falsafa. Anaandika: kiingereza yake ni muzuri sana, na hakosake mu masomo. Basi. Imeisha. Hakuna baya ata moja ndani ya ile barua na mutoto amekosa kazi.

Mwana_Birere
Hiyo barua niliishaipata mimi. "Ni kijana wa kufika kwa wakati." Nilifurahi mpaka leo kumbe.

Mzee_Kamalondo
Pole mwanangu 😂

Lakini bazungu hawakuvumbua kintu. Babu zetu walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Grice na fumbo iko tofauti gani?

Dada_wa_Ibanda
Tofauti ipo Mzee, ila ndogo. Fumbo linajitangaza. Mtu akikufumbia unajua umefumbiwa, unakaa sawa. "Jua kali" halijitangazi, linapita kama upepo, usipolishika hakuna aliyejua kwamba lilikuwepo. Katuni inataka lile lisilojitangaza, maana ukimwambia msomaji "hapa kuna fumbo" ameshaacha kucheka ameanza mtihani.

Penseli_ya_Ruashi
Mi nina yangu moja ya kuonyesha ile ya kiasi, ya kwanza kwa Prof. Kikasha cha kwanza muke mulangoni mikono ku kiuno: "Umekunywa ngapi?" Cha pili bwana, macho chini: "Mbili tu." Cha tatu unaona nyuma yake mabidoni mbili ya kasiksi (pombe ya ndizi), tupu. Hakudanganya. Mbili ni mbili.

Sasa sikia matatizo yenye niliyapata. Kagazeti kakatoka siku ya Mungu, kanisa nzima bakacheka, lakini bakicheka banageuka kuangalia baba mumoja wa kwaya. Mi sikumuwaza ata kidogo, naapa. Nilichora mutu na kitumbo, kila parokia iko na mutu na kitumbo. Padri akaniita: "Huyu ni nani?" Nikasema si mutu. Akasema "Basi mbona bote banamujua?" Katuni yangu ikaishia pale. Ndiyo maana naogopaka mukisema mchoraji ndiye anadokeza. Mimi sikudokeza kitu, msomaji alijidokezea mwenyewe.

Chukudu_2
Hiyo ya bidoni nimecheka. Lakini ona, kicheko iko ku mchoro, si ku neno! Ukitoa bidoni "mbili tu" haichekeshi mutu.

Mbongo_Lushi
Na ukitoa "mbili tu" mabidoni ni mabidoni, yapo kila genge. Hakuna anayecheka bidoni.

Chukudu_2
Sawa. Lakini mchoro njo unashinda.

MichopoBoy
Muko munasahau kuko katuni zenye hakuna wa kujibizana naye. Yule paka wa Marekani, Garfield, ule munene, anasema peke yake mu kichwa. Anachukia Jumatatu. Paka! Hana kazi, hana masomo, hakuna boss. Nani anavunja mapatano pale, na nani? Bilianza miaka ya 80 mpaka leo batu banacheka na hakuna polisi.

Kadutu_City
1978, mwezi wa sita. Mutoto wangu alifanyaka kazi ya masomo juu yake, nilimuandikia yote mimi.

MichopoBoy
Wewe wa Juha Kalulu wa Tanzania unanikosoa mimi??

Kadutu_City
Nilikosoka moja, umekosoka moja, tumelipana.

Muhungu_kwetu (Bukavu)
Nimechelewa kufika. Kwa @MichopoBoy: kuna mwingine, mtaalamu wa lugha Victor Raskin, 1985, yeye hashughuliki na nani amevunja adabu. Anasema maneno ya kuchekesha yanakaa ndani ya sinema mbili kwa pamoja na sinema hizo zinapingana. Unaingia ukidhani uko kwenye ya kwanza, mwishoni neno moja linakutupa kwenye ya pili. Paka: sinema ya mnyama wa nyumbani anayelala, na sinema ya mfanyakazi aliyechoka. Motari: sinema ya rushwa, na sinema ya msamaria mwema anayempa mwenye kiu maji. Chupa ile iko kwenye zote mbili. Kwa hesabu hiyo haijalishi motari ni mjanja au mjinga.

Dada_wa_Ibanda
Haijalishi vipi? Wanafunzi wangu walipigana kwa swali hilo hilo mpaka kengele. Kama ni mjinga, kicheko ni cha kumwonea, na polisi tunamhurumia kidogo. Kama ni mjanja, tunashangilia. Nyuso zetu hazicheki sawa.

Mama_Sombe
Mi nasema mjanja. Mutu wa moto mjinga hajazaliwa. Na "Hata mimi, afande" ni ya mjanja, anamurudishia koo yake.

Kadutu_City
Mjinga. Mi nilijibu mama mukwe maneno kama yale yale na mi nilikuwa mjinga, minajijua.

Mzee_Kamalondo
Inaweza kuwa mwenye kuogopa tu. Mutu akiogopa polisi anajibu kila neno "ndiyo shefu, pole shefu", hana ujanja hana ujinga, anataka tu kwenda. Alikuwa na chupa moja akaitoa.

Muhungu_kwetu
Hii rahisi. Angalia uso wa motari kwenye kikasha cha tatu. Mchoraji lazima ameweka alama: jicho moja limefungwa, au mdomo umepanda upande mmoja, au jasho. @Mwana_Birere uso ukoje?

Penseli_ya_Ruashi
Kweli, mdomo. Mstari moja ya mdomo unabadilisha yote. Mi ningeuweka sawa kabisa, mstari ulionyooka, nisimupe msomaji kitu.

Prof_wa_Kasapa
@Mwana_Birere tunangoja.

MichopoBoy
@Mwana_Birere ???

Mwana_Birere
Bandugu niko naomba msamaha. Karatasi ilikuwa imepasuka pale. Mama alipasua gazeti ya kufungia, mkato umepita ku kikasha cha tatu, kichwa ya motari haiko. Kuko tu mabega, mikono ku moto, na maneno "Hata mimi, afande" yenye inatoka hewani.

Kadutu_City
WEEEEEE

Chukudu_2
Siku mbili tunapigana juu ya mutu bila kichwa.

Dada_wa_Ibanda
Na mimi nilipochora ubaoni nilimwekea uso! Nilimchora anatabasamu. Basi darasa langu lote lilijibu uso wangu.

Mbongo_Lushi
Hahaha mwalimu umepotosha taifa.

Mama_Sombe
Mi nilimuona anacheka kwa upande. Naapa nilimuona.

Muhungu_kwetu
Hii ni bora kuliko nadharia zote. Hakukuwa na uso na kila mtu aliuona. Kadutu aliona uso wake mwenyewe.

Prof_wa_Kasapa
Lakini bado ni juu ya maneno. Bila kichwa mulicheka, kwa hiyo mchoro haukushinda, @Chukudu_2.

Chukudu_2
Bila kichwa hatukujua tunacheka nani, kwa hiyo neno nayo haikushinda.

Penseli_ya_Ruashi
Ile kipande ingine iko kwa mama wa karanga. Mwana_Birere rudi uitafute, ni kazi ya jamii.

Mwana_Birere
Kesho asubuhi nitapita.

Mbongo_Lushi
Uangalie na jina la gazeti ukipata. Kama ni la kwetu nitawatafutia likiwa zima.

Mwana_Birere
Nimerudi. Nilienda saa tatu, nikanunua karanga za 500, karatasi ikatoka ya matangazo ya viwanja. Nikarudi saa sita, nikanunua tena, ikatoka timu za mpira, nusu yake. Saa tisa nikarudi, ikatoka sala ya msiba na kipande ya habari ya hewa ya Mwanza, kwa hiyo Mbongo uko na haki, ni ya Tanzania. Kichwa hakuna. Meno yananiuma.

Ile mara ya tatu mama akaniangalia muda murefu. Akasema: "Mwanangu, karanga zangu ni tamu, lakini si kiasi hiki." Nikamuambia mama niko natafuta karatasi. Akasema "Ndiyo. Karatasi." Alafu akakunja za 500 polepole, akanipa, akasema: "Binti yangu njo anauzishaka mangaribi. Kuanzia saa kumi na moja."

Mama_Sombe
😂😂😂😂 aksanti Mungu kwa kuniwekea umri huu

Kadutu_City
Anza kutafuta mahari. Na usijibu kama mimi!!

MichopoBoy
Ulimujibu nini??

Mwana_Birere
Nilisema "Jua la leo kali, mama."

Chukudu_2
Sasa mahari ya nini tena? Si alienda kutafuta karatasi?